Mboji na bustani ya mboga nyumbani

Mboji ni mbolea ya asili inayopatikana kwa kuozesha mabaki ya mimea, samadi na takataka nyingine zenye asili ya viumbe hai mpaka zigeuke kuwa kitu cheusi au cha kahawia, kinachofikichika mkononi na chenye harufu ya udongo wa msituni. Nchini Tanzania huitwa pia mbolea vunde, kutokana na kitenzi "kuvunda". Mboji hutofautiana na samadi: samadi ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na malalo yao, nayo inaweza kuwa mbichi, mboji ni lazima iwe imeoza na kupoa.

Bustani ya mboga nyumbani ni eneo dogo karibu na nyumba linalolimwa hasa kwa ajili ya chakula cha familia. Linaweza kuwa tuta moja, kamba chache za uwanja, au magunia mawili yaliyosimamishwa barazani. Mboji na bustani ya namna hiyo huenda pamoja, kwa sababu jikoni hutoa maganda, bustani hutoa magugu na mabua, na vyote hivyo vinaweza kurudi ardhini badala ya kutupwa au kuchomwa moto.

Umuhimu

Kila fungu la mchicha linalovunwa huondoa ardhini nitrojeni, fosforasi, potasiamu na madini mengine. Familia ikila mboga hizo na kutupa mabaki yake kwenye jalala, madini husafiri upande mmoja tu: kutoka bustanini kwenda jalalani. Baada ya miaka michache udongo huwa mgumu, hushindwa kushika maji, na mboga hutoka nyembamba na za manjano. Kuchoma majani makavu huongeza hasara, kwa kuwa nitrojeni na kaboni hupotea hewani na majivu tu ndiyo hubaki.

Upande wa pili wa jambo hilo uko mjini. Katika miji mingi ya Afrika zaidi ya nusu ya taka za majumbani, kwa uzito, ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mihogo na viazi, mabaki ya chakula na majani. Vitu hivyo vikirundikwa kwa wingi kwenye dampo, kama lile la Pugu jijini Dar es Salaam au la Dandora jijini Nairobi, huoza bila hewa na kutoa methani, ambayo ni gesi inayochangia ongezeko la joto duniani. Vikiozeshwa nyumbani penye hewa, methani huwa kidogo sana, na mzigo wa kusombwa na magari ya taka hupungua.

Historia

Kurudisha mabaki shambani ni desturi ya kale. Mroma Marcus Cato aliandika juu ya kutunza lundo la samadi na mabaki ya mimea katika kitabu chake cha kilimo, mnamo karne ya 2 KK. Mtaalamu wa udongo kutoka Marekani, Franklin Hiram King, alisafiri China, Korea na Japani, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1911 kilieleza jinsi wakulima wa huko walivyolima ardhi ileile kwa karne nyingi kwa kuirudishia taka zote za shambani na majumbani.

Katika karne ya 19 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieneza elimu ya kwamba mimea hulishwa na madini. Mwanzoni mwa karne ya 20 Fritz Haber na Carl Bosch waliwezesha kutengeneza amonia kutokana na nitrojeni ya hewani, na mbolea za viwandani zikaenea. Mavuno yaliongezeka sana, lakini katika nchi nyingi mboji ilisahauliwa.

Mwingereza Albert Howard (1873–1947) alikwenda kinyume cha mkondo huo. Akiwa mtafiti nchini India alijifunza kutoka kwa wakulima wa huko, kisha akapanga utaratibu wa kuozesha kwa tabaka uliopata jina la mji wa Indore. Aliueleza katika kitabu cha mwaka 1931. Njia nyingi za mboji zinazofundishwa leo, zikiwemo zile za Afrika Mashariki, zimetokana na utaratibu huo wa tabaka za mimea mikavu, mimea mibichi, samadi na udongo, zenye kugeuzwa kila baada ya muda.

Desturi za Afrika Mashariki

Afrika Mashariki ilikuwa na njia zake kabla ya vitabu hivyo. Katika wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, Wamatengo hulima miteremko mikali kwa mashimo yanayoitwa ngolo. Nyasi hufyekwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana mpaka zifanye miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi. Hivyo hubaki mashimo yaliyozungukwa na matuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu mwingine. Nyasi zilizofukiwa huoza palepale na kulisha mazao, na mashimo huzuia maji ya mvua yasiporomoshe udongo. Ngolo, kwa hiyo, ni mboji isiyobebwa: huozea mahali itakapotumika.

Kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kihamba cha Wachaga huunganisha migomba, kahawa, miti na mifugo inayofugwa zizini. Majani huletwa kwa ng'ombe, na samadi hurudishwa kwenye migomba. Katika mkoa wa Kagera, kibanja cha Wahaya kilidumisha rutuba yake kwa samadi na kwa nyasi zilizokatwa kwenye maeneo ya wazi yanayoitwa rweya, kisha zikatandazwa chini ya migomba. Mfano wa Kagera unafundisha jambo muhimu: rutuba ya kibanja ililetwa kutoka mahali pengine. Ng'ombe na nyasi za rweya zikipungua, kibanja nacho hudhoofika.

Jinsi mboji inavyofanyika

Kazi ya kuozesha hufanywa na viumbe wadogo sana, hasa bakteria na kuvu, wakisaidiwa na minyoo, jongoo na wadudu wengine. Viumbe hao huhitaji vitu vinne: kaboni kwa ajili ya nguvu, nitrojeni kwa ajili ya kujenga miili yao, maji, na hewa.

Rundo lililopangwa vizuri hupita katika hatua tatu. Katika hatua ya kwanza, inayochukua siku chache, bakteria wa kawaida hula sukari na protini, na rundo huanza kupata joto. Katika hatua ya pili joto hupanda hadi kati ya sentigredi 50 na 65; bakteria wapendao joto hushika nafasi, na mbegu nyingi za magugu pamoja na vimelea vingi vya magonjwa hufa. Joto likizidi sentigredi 70, hata bakteria wanaofanya kazi huanza kufa, na rundo hufaa kugeuzwa ili lipoe. Hatua ya tatu ni ya kukomaa: rundo hupoa, kuvu na minyoo huingia, na bakteria wa kundi la aktinomiseti humalizia sehemu ngumu. Hao ndio wanaotoa harufu ile ya ardhi iliyopata mvua ya kwanza.

Wakati wa kuoza, sehemu kubwa ya kaboni hutoka kama dioksidi kabonia, na rundo hupungua mpaka nusu au hata theluthi ya ujazo wake wa mwanzo. Kupungua huko si hasara; ni dalili kwamba kazi inaendelea.

Malighafi

Wataalamu hupendekeza mchanganyiko wa mwanzo uwe na sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa kila sehemu 1 ya nitrojeni. Hakuna haja ya mizani wala maabara. Inatosha kuyagawa mabaki katika makundi mawili.

Vitu vikavu, vyenye kaboni nyingi: majani makavu, mabua ya mahindi, majani makavu ya migomba, pumba za mpunga, nyasi kavu, maboksi yasiyo na rangi ya kung'aa, na maranda ya mbao. Mabua ya mahindi yana takriban sehemu 60 za kaboni kwa 1 ya nitrojeni. Maranda huweza kuzidi 200, ndiyo maana huoza polepole.

Vitu vibichi, vyenye nitrojeni nyingi: maganda ya matunda na mboga, magugu mabichi ambayo hayajatoa mbegu, nyasi mbichi, majani ya jamii ya kunde, majani ya chai na machicha ya kahawa, samadi ya ng'ombe na mbuzi, na mbolea ya kuku. Mbolea ya kuku ni kali kuliko zote. Ina takriban sehemu 10 za kaboni au pungufu kwa 1 ya nitrojeni.

Kwa makadirio ya ndoo, ndoo mbili za vitu vikavu kwa ndoo moja ya vitu vibichi hutoa mchanganyiko unaofaa. Mkaguzi mzuri ni pua: rundo likinuka, vitu vibichi au maji vimezidi, likikaa baridi bila kubadilika, vitu vikavu vimezidi au maji yamepungua.

Vitu vifuatavyo havifai kuwekwa kwenye rundo la nyumbani:

- nyama, samaki, mifupa na mafuta ya kupikia, kwa kuwa huvuta panya, mbwa na nzi;
- kinyesi cha mbwa, paka au binadamu, kwa sababu ya minyoo na vimelea;
- plastiki, betri, vioo na vyuma;
- mbao zilizotiwa dawa au rangi;
- nyanya, bilinganya au viazi vilivyokufa kwa mnyauko, na mizizi yenye vinundu vya minyoo fundo, isipokuwa rundo lina joto la hakika;
- magugu yanayochipua kutokana na vipande vya mizizi, kama ndago na sangari, mpaka yamekaushwa juani kabisa.

Majivu ya kuni huongeza potasiamu na kupunguza uchachu, lakini yakizidi huharibu. Kinachofaa ni kuyanyunyiza kidogo tu juu ya tabaka.

Kutengeneza rundo la moto

Njia hii ni ya haraka, nayo huhitaji malighafi ya kutosha kwa siku moja. Rundo liwe na urefu, upana na kimo cha angalau mita 1 kila upande. Likiwa dogo kuliko hapo hupoteza joto upesi kuliko linavyolizalisha.

1. Huchaguliwa mahali penye kivuli, pasipotuama maji, karibu na bustani.
2. Ardhi hulegezwa kwa jembe, kisha hutandikwa vijiti au mabua manene kwa kimo cha sentimita 15 hivi ili hewa ipite chini.
3. Juu yake huwekwa tabaka la vitu vikavu vilivyokatwakatwa kwa panga, sentimita 15 hadi 20, na kunyunyiziwa maji.
4. Hufuata tabaka la vitu vibichi, sentimita 10 hivi, kisha samadi kidogo na konzi chache za udongo wa juu. Udongo huo huleta viumbe waozeshao.
5. Tabaka hurudiwa kwa mpangilio uleule mpaka rundo lifikie kimo kinachotakiwa, na kila tabaka hunyunyiziwa maji.
6. Rundo hufunikwa kwa nyasi, majani ya migomba au gunia ili jua lisilikaushe na mvua isilisafishe madini yake.
7. Mti mrefu wenye ncha huchomekwa kwa mshazari mpaka katikati.

Mti huo ni kipimajoto cha mkulima. Baada ya siku tatu au nne huchomolewa na kushikwa. Ukiwa na joto na unyevu, mambo ni mazuri. Ukiwa na joto lakini mkavu, wenye unga mweupe, rundo lina kiu. Ukiwa baridi na wenye kunuka, rundo halina hewa.

Kiasi cha maji hupimwa kwa kukamua konzi ya mboji mkononi. Inapaswa kuwa kama kitambaa kilichooshwa na kukamuliwa: iache unyevu kiganjani na labda tone moja au mawili, si mchirizi.

Rundo hugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, vya nje vikienda ndani na vya ndani nje. Kwa utaratibu huu mboji hupatikana baada ya miezi 2 hadi 3. Kanuni za Marekani kwa mboji inayogeuzwa hutaka joto lidumu katika sentigredi 55 au zaidi kwa siku 15, na rundo ligeuzwe mara 5 katika muda huo, ili vimelea vya magonjwa vife. Kwa hiyo kugeuza si kwa ajili ya hewa tu. Ni njia ya kuhakikisha kila sehemu imepita katikati penye joto.

Njia zenye kazi kidogo

Wenye bustani ndogo wengi hawana malighafi ya kujaza mita moja ya ujazo kwa siku moja, wala nguvu ya kugeuza rundo. Kwao zipo njia nyingine.

Rundo baridi. Mabaki huongezwa kila siku yanapopatikana, na kila ndoo ya maganda hufunikwa kwa majani makavu. Rundo haligeuzwi. Mboji hupatikana chini yake baada ya miezi 6 hadi 12. Upungufu wake ni kwamba mbegu za magugu na vimelea havifi, hivyo uchaguzi wa kinachowekwa huwa muhimu zaidi.

Kufukia mtaroni. Mtaro wa sentimita 30 huchimbwa kati ya mistari ya mboga, maganda ya jikoni hutiwa humo na kufukiwa siku hiyohiyo. Msimu unaofuata mboga hupandwa juu ya mtaro. Njia hii haina harufu wala nzi, nayo inafaa sehemu kavu kwa kuwa mtaro hushika unyevu.

Mboji ya minyoo. Minyoo wa jamii ya Eisenia fetida, au Eudrilus eugeniae mwenye asili ya Afrika Magharibi, hufugwa kwenye kreti au ndoo iliyotobolewa, kivulini. Hulishwa maganda kidogokidogo pamoja na maboksi yaliyoloweshwa. Kinyesi chao ni mboji laini inayofaa vitalu vya miche. Minyoo hawa hufa kwenye joto kali, hivyo chombo kisiachwe juani, nao siafu ni adui yao mkubwa. Miguu ya meza huwekwa ndani ya makopo ya maji ili kuwazuia.

Matandazo. Hii ndiyo njia yenye kazi ndogo kuliko zote. Majani, nyasi na mabua hulazwa moja kwa moja juu ya ardhi, kati ya mimea, na kuachwa yaozee hapo. Mmarekani Ruth Stout (1884–1980) alijulikana sana kwa njia hii. Katika bustani yake jimboni Connecticut aliacha kabisa kulima kwa jembe, akafunika ardhi mwaka mzima kwa nyasi kavu zenye unene wa sentimita 20 hivi, na mwaka 1955 alitoa kitabu kuhusu bustani isiyoumiza mgongo. Nchini Japani Masanobu Fukuoka (1913–2008) alilima mpunga na nafaka nyingine bila kutifua udongo, akirudisha majani yote shambani.

Matandazo huzuia jua lisipige udongo, hupunguza uvukizaji wa maji, huzima magugu na hulinda ardhi dhidi ya matone mazito ya mvua. Lakini njia ya Connecticut haiwezi kuhamishwa pwani ya Afrika Mashariki bila mabadiliko. Penye joto na mvua, tabaka nene huoza na kuisha ndani ya miezi michache, hivyo huongezwa mara kwa mara. Penye ukame, mchwa huyala. Mchwa hupendelea vitu vikavu. Wakipata matandazo ya kutosha mara nyingi huacha miche mibichi, lakini hatari huja matandazo yanapoisha ghafla. Wakati wa masika matandazo husogezwa mbali kidogo na mashina ili yasiozeshe mimea wala kuwahifadhi konokono. Kuku nao hupenda kuyapekua, kwa hiyo ua ni wa lazima.

Maranda mabichi au mabua yasiyooza hayafai kuchanganywa ndani ya udongo. Bakteria wanaoyaozesha huchukua nitrojeni ya udongoni, na mboga hugeuka manjano. Yakikaa juu tu, madhara hayo huwa madogo.

Bustani isiyohitaji kazi nyingi

Tuta la mboga lisizidi upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati kutoka kila upande na pasiwepo haja ya kukanyaga. Udongo usiokanyagwa haushindiliwi, na udongo usioshindiliwa hauhitaji kulimwa kila msimu. Tuta likiandaliwa mara moja, baadaye hutosha kuongeza mboji juu na kupanda.

Baadhi ya mboga zinafaa zaidi kwa mtu mwenye muda mchache:

- Mchicha: hupandwa kwa kumwaga mbegu na huanza kuvunwa baada ya wiki 3 hadi 4. Ukichumwa ncha badala ya kung'olewa huchipua tena.
- Matembele: hupandwa kwa vipande vya marando, hutambaa na kufunika ardhi, nayo huvunwa kwa miezi mingi.
- Sukumawiki: majani ya chini huchumwa kuanzia miezi miwili hivi baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni, na shina huendelea kutoa.
- Kunde: majani huliwa mabichi, mbegu huvunwa baadaye, na mizizi huacha nitrojeni ardhini.
- Mnavu na mgagani: ni mboga za asili zinazostahimili, mara nyingi hujiotea zenyewe.
- Nyanya chungu na bamia: huzaa kwa muda mrefu bila kupandwa upya.

Mahali pasipo na ardhi hutumika bustani ya gunia. Gunia husimamishwa na kujazwa mchanganyiko wa udongo na mboji au samadi iliyooza, huku katikati pakijengwa nguzo ya mawe madogo kwa kutumia kopo lisilo na kitako. Kopo hujazwa mawe, udongo hujazwa pembeni, kisha kopo huvutwa juu na kujazwa tena. Maji yanayomwagwa juu ya mawe hufika mpaka chini. Miche hupandwa juu na katika matundu yanayotobolewa ubavuni. Bustani za aina hii zilienea Kibera, Nairobi, hasa tangu mwaka 2008, ambapo familia nyingi zilihitaji chakula na hazikuwa na hata mita moja ya ardhi.

Nchini Lesotho kulienezwa bustani ya duara yenye umbo la tundu la ufunguo. Ina kipenyo cha mita 2 hivi, ukuta wa mawe, na kapu la mboji katikati linalofikiwa kwa njia nyembamba. Maganda ya jikoni na maji yaliyooshea mboga humwagwa ndani ya kapu, na rutuba huenea kwenye udongo unaolizunguka. Faida yake ni kwamba mzee au mgonjwa anaweza kuitunza akiwa amesimama.

Kiasi cha kutumia

Tabaka la mboji lenye unene wa sentimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 10, yaani nusu ndoo ya lita 20. Kwa bustani ya mboga hufaa sentimita 2 hadi 3 kila mwaka. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10, likiwekewa sentimita 3, huhitaji lita 300, yaani ndoo 15. Rundo la mita 1 ya ujazo, likiisha kupungua, hutoa takriban kiasi hicho au zaidi kidogo. Kwa hesabu hiyo rundo moja hutosha tuta moja, na si ekari nzima.

Mboji iliyokomaa haitambuliki tena ilitokana na nini, haina joto, wala hainuki amonia. Ikiwa na shaka, hujaribiwa kwa kuotesha mbegu za maharage katika makopo machache: baadhi ya makopo yawe na mboji iliyochanganywa na udongo, mengine udongo mtupu. Miche ya mboji ikikunjamana majani au kudumaa, mboji hiyo isitumike kwa mboga. Jaribio hili hufichua pia mabaki ya dawa za magugu kama aminopiralidi, ambayo hupita tumboni mwa ng'ombe bila kuharibika na huweza kubaki ndani ya samadi. Dawa hiyo huua au kupotosha nyanya, maharage na mboga nyingine za majani mapana hata ikiwa kidogo sana. Ni vema kuuliza malisho yalitoka wapi kabla ya kuleta toroli la samadi kutoka mbali.

Usalama

Samadi mbichi huweza kuwa na bakteria wa kuharisha, mayai ya minyoo na vimelea vya pepopunda. Glavu au sabuni, na viatu vilivyofungwa, si anasa kwa anayeshughulika nayo. Aliyejikata kwa jembe au panga anapaswa kuosha jeraha na kwenda kituo cha afya. Kanuni za kilimo hai za Marekani hutaka zipite siku 120 tangu samadi mbichi itiwe ardhini mpaka kuvuna mazao yanayogusa udongo, na siku 90 kwa mazao yasiyougusa. Mchicha huvunwa kabla ya muda huo kwisha, kwa hiyo samadi mbichi haifai kabisa kwenye tuta la mchicha.

Mboji haiwezi kusafisha udongo wenye risasi au madini mengine mazito. Mahali palipokuwa gereji, pa kutengenezea betri, au pa kuchomea taka za plastiki na vifaa vya umeme hapafai kwa mboga za majani, hata pakiwekwa mboji nyingi. Hapo ni heri kutumia magunia yaliyojazwa udongo kutoka kwingine. Maji ya mitaro ya mjini nayo yana hatari ya magonjwa, hasa kwa mboga zinazoliwa mbichi.

Mipaka ya mboji

Kilo 100 za urea zina kilo 46 za nitrojeni. Kilo 100 za mboji kavu kwa kawaida zina kilo 1 hadi 2 tu, na sehemu ndogo ya hizo ndiyo hutolewa katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo mboji si mbadala wa mfuko wa mbolea kilo kwa kilo. Kazi yake kubwa ni nyingine: huufanya mchanga ushike maji, huulegeza mfinyanzi, hulisha viumbe wa udongoni na huzuia madini yasioshwe na mvua. Mbolea ya dukani yenyewe hufanya kazi vizuri zaidi katika udongo wenye mboji, na anayetumia kidogo ya kila moja huokoa fedha.

Aidha, mboji haiumbi madini yasiyokuwapo. Nitrojeni huweza kuongezwa kutoka hewani na mimea ya jamii ya kunde, lakini fosforasi haitoki hewani. Bustani iliyopungukiwa fosforasi, ikirudishiwa mabaki yake yenyewe tu, hubaki na upungufu uleule. Ndiyo maana maganda ya vyakula vilivyonunuliwa sokoni yana thamani ya pekee: yanaleta nyumbani madini kutoka mashamba mengine. Familia inayoyatupa huwa imelipia rutuba hiyo na kuiacha iende zake, na ile inayoyafukia chini ya matembele huila tena mwaka unaofuata.